Mama wa Maziwa na Picha ya Gazetini

Nilipoanza kufundisha uandishi wa habari hapa Garissa, nilikuwa nimetoka kwenye habari za siasa kama mtu anavyotoka kwenye homa: mwili mwepesi, masikio bado yana kelele. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeondoka nyumbani kwetu mtaa wa Waberi alfajiri kuwafuata wanasiasa, toka Mandera hadi Hulugho, kwa ajili ya gazeti la Nairobi. Nikikumbuka sasa naona kama niliishi ndani ya vumbi la magari yao, watu wakinijia nusu nusu kisha wakiyeyuka.

Mmoja nilimwona vizuri. Alikuwa muuza maziwa ya ngamia, Habaswein. Mheshimiwa mmoja alishuka kwa helikopta akaahidi kisima. Alipomaliza, yule mama akasimama, akainua mkono.

"Ulipotuahidi kisima mara ya kwanza," akamwambia kwa Kisomali, "binti yangu alikuwa tumboni. Leo ananishinda urefu. Kaa chini tupumzike."

Niliandika kila neno.

Gazetini yakatoka maneno ya mheshimiwa peke yake. Picha ya mama ilikuwepo, mkono juu, na chini yake: "Mkazi akimshangilia kiongozi wake." Nikampigia mhariri. Akasema nafasi ilikuwa finyu, na kesho kuna habari nyingine. Kweli ilikuwepo, nami nikaifuata.

Miaka ikapita. Nikaacha gazeti, nikasoma tena, nikaitwa profesa. Siku moja nikawaonyesha wanafunzi picha ile na kuwasimulia kisa chake, nadhani kwa kujipenda kidogo. Msichana aliyekaa nyuma akainua kichwa.

"Mwalimu, huyo mama ulienda kumwomba msamaha?"

Feni ilikuwa inazunguka polepole juu yetu. "Sijaenda," nikasema.

Jumamosi nikapanda basi nikiwa na daftari langu la zamani. Joto lilinitia usingizi. Kila nilipofumbua macho niliona ngamia wakielea kwenye mazigazi, miguu haigusi ardhi, nisijue kama naota. Habaswein nilimkuta palepale kwenye safu ya wauza maziwa, uso umekunjamana, vidole vyekundu kwa hina.

"Assalamu aleikum, eddo," nikamwita shangazi, kama tunavyowaita waliotuzidi umri.

Aliitikia, akalitazama daftari mkononi mwangu. "Wewe ni yule wa daftari."

Akaniambia baada ya picha ile majirani walimwita mpiga makofi. Hata marehemu mumewe alimuuliza ameahidiwa nini na yule mheshimiwa.

"Nilijua picha ile inasema uongo, eddo, nikanyamaza. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Na hawa je?" Akawaonyesha kwa kidevu wanawake waliokaa na madumu yao. "Wengine hawakuwepo siku ile. Simama uwaambie."

Nikasimama. Nikafungua daftari, nikayasoma maneno yake jinsi alivyoyasema. Mmoja akapasuka kicheko: "Kumbe ulimwambia akae chini!" Wakacheka wote, wakigongana mabega, na mama akajifunika mdomo kwa shungi, mabega yakimtikisika. Baadaye akanimiminia kikombe cha maziwa yenye harufu ya moshi, nikanywa nikiwa nimekaa katikati yao juu ya mkeka.

Wakati huo nilikuwa naandika kitabu juu ya viongozi wakubwa wa huku kwetu. Nikakiweka kando. Nikaanza kingine, cha watu waliosimama kwenye mikutano wakasema, kisha wasiandikwe. Sura ya kwanza nilimpa yeye, na kwa ajili yake nikarudi Habaswein mara nyingi.

Kitabu kilipotoka, jirani yake mmoja, mwalimu wa shule, alimsomea akimtafsiria. Jioni yule mama akanipigia simu. Nilingoja sifa.

"Umeandika ngamia wangu ni wekundu," akasema. "Ni weupe. Rekebisha."

Katika chapa ya pili, ni weupe.