Njia Mbili za Elektroni

Juzi, katika ofisi moja mjini Bunda, nilikaa kwenye benchi nikisubiri muhuri. Mbele yangu alisimama mwalimu wa fizikia anayefundisha upande wa Kibara. Aliomba ruhusa ya kwenda masomoni. Bila saini ya afisa elimu aliyekaa mezani, nafasi yake chuoni ingepotea.

"Unaenda kusoma nini hasa, madam?" afisa aliuliza.

"Elektroni, mzee. Ndani ya vifaa vidogo kuliko chembe ya vumbi, zinasafiri kama mawimbi."

Alichora duara mezani kwa kidole. "Tuseme hapa ni Bunda, pale Butiama. Elektroni moja inapita njia ya Kiabakari na njia ya Nyamuswa kwa wakati mmoja. Mawimbi yake yakikutana Butiama, yanaongezeana nguvu au yanafutana. Yakifutana, haifiki."

"Tukiweka trafiki Kiabakari aiangalie?"

"Ikishaonekana, inakuwa imepita njia moja tu. Hakuna tena kufutana."

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. "Madam, mimi kwetu Butiama. Hakuna anayekujaga kwa njia mbili!"

Kisha akasaini. "Nenda kasome. Ila kidato cha nne wasikose kipindi hata kimoja. Mwalimu wa fizikia pale ni wewe peke yako."

"Nikiwa chuoni Dar, mzee?"

"Ndiyo. Utajua mwenyewe."

Mwalimu alinigeukia kama anayetafuta shahidi. Afisa alikuwa ameshaita, "Anayefuata!"

Elektroni inawezaje kuwa sehemu mbili, bado sijaelewa. Kwa mtumishi wa umma nimeelewa: anaagizwa.