Mwamba wa Malkia Mwenye Mabawa

Mimi na siz, dadangu mdogo, tulitoka Ruiru asubuhi tukaenda mpaka kwari moja, machimbo ya mawe, upande wa Kalimoni, kwa sababu huko ndiko walipigia ile filamu ya malkia mwenye mabawa. Siz ako kidato cha pili. Ameirudia mpaka anajua malkia anashika fimbo na mkono gani. Kwa filamu hiyo kwari ni mji wa mawe, kuta zimekatwa ngazi ngazi, jua inaingia kama dhahabu. Ukifika ni shimo tu na nyasi kavu, na nyuma ya ukuta mmoja watu bado wanachimba mawe ya kujenga.

"Aki ni hapa!" Siz akashuka mbio mpaka kwa mwamba uliotokeza chini ya ukuta kama kibanda bila mlango. Hapo ndipo malkia hukaa. "Nipige picha kutoka huko juu. Na usinikate miguu kama ile siku ya harusi!"

"Harakisha basi, jua inaniua."

Nilikuwa nashika simu vizuri wakati kengele ililia. Chuma kwa chuma, ngo ngo ngo, kama ile ya shule yetu ya praimari, kipande ya reli ilikuwa imening'inizwa kwa mti. Nikajua ni shule ya hapo karibu, watoto wanaenda lanchi. Nikamwambia siz ainue mikono.

Mwanaume akatokea juu ya ukuta akikimbia, helmeti mkononi. "Wee madam! Hukusikia kengele? Lala chini! Tunalipua!"

"Siz wangu ako huko shimoni!"

"Ngai!" Akanivuta nyuma ya lundo la kokoto, akapiga kelele kuelekea chini: "Msichana, usitoke! Ingia ndani ya mwamba! Ndani kabisa!"

Ardhi ikaruka. Ikaruka tena, na tena. Mawe yakanyesha, vumbi ikafunika shimo yote. Nikaita siz. Hakuna. Nikaita tena, halafu nikasikia mtu akikohoa.

"Niko hapa! Nakuja!"

Nikasimama. Yule mwanaume akanikamata sweta. "Mwambie akae! Nimehesabu, kuna baruti moja haijalipuka. Ikilia akiwa kwa njia, hatumpati."

"Italia saa ngapi?"

"Hiyo hakuna mtu anajua. Tungoje."

Mimi kungoja sijui. Chai huwa naipakua kabla ichemke. Na sasa ni mimi nilikuwa namfokea siz akae kwa hiyo shimo.

"Naogopa! Kuna mawe inaanguka hapa kando!"

"Kaa! Usitoke!"

"Si ukuje basi!"

Sikuenda. Nilimwambia anisomee yale maneno malkia anasema akikaa hapo. Akaanza huku analia, akikosea, na mimi nikimwambia arudie toka mwanzo. Akinyamaza kidogo tu, namfokea aendelee. Nilikuwa nimeshika mkono wa huyo mwanaume, hata sijui nilimshika saa ngapi.

Baruti ya mwisho ililia akiwa katikati ya neno.

Vumbi ikapanda tena. Mwanaume akasikiza, akasikiza, halafu akasema, "Zimeisha zote. Mwite."

Nikafungua mdomo, sauti ikakataa. Nikajaribu tena, hakuna kitu. Ni yeye aliniita, kwa kasauti kadogo kutoka huko chini:

"Uko? Ama umeniacha?"