Lorna Aliyebeti Pande Zote Mbili

Simtetei Lorna Sugden, na wala simsengenyi. Tulipika pamoja miaka kumi na mmoja katika jiko la shule ya msingi hapa Mexborough, huku kwa Waingereza, yeye upande wa nyama, mimi upande wa viazi, na nyumba zetu zilichangia ukuta. Akipiga chafya namsikia. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuambiwa na mtu.

Hakuwa mtu wa kutulia hata kabla ya mambo ya farasi. Ukimpa kikombe cha chai anakunywa huku anafuta meza, anauliza saa, anachungulia dirishani. Lakini ile Januari barua ilipokuja, mwenzangu, alizidi. Nyumba namba kumi na moja aliyoishi na mumewe haikuwa yao. Walikuwa wapangaji wa mzee Pickersgill tangu mtoto wao wa pekee yuko tumboni. Mzee alipofariki, mwanawe anayeishi Hispania aliandika kwamba anauza: pauni elfu themanini na nne, na kwa kuwa wamekaa sana anawapa nafasi ya kwanza, mpaka mwisho wa Juni ya mwaka unaofuata. Benki ingewakopesha, ila walitakiwa kutanguliza kama elfu tisa hivi zao wenyewe. Lorna alikuwa na pauni mia mbili na sitini kwenye bati la biskuti.

"Miaka kumi na tisa nimepaka rangi kuta za mtu," aliniambia. "Zu, sihami. Watanitoa nimo jenezani."

Aliyemfundisha mambo ya kubeti ni binti wa dada yake, mwanafunzi wa chuo Leeds. Wanafunzi wa huku wengi wanajilipia kodi ya chumba kwa njia hiyo. Jumapili moja Lorna akaja kwangu na simu mbili na daftari, akaanza kunieleza kabla hajavua koti.

"Kampuni ya kubeti inasema: beti pauni kumi, tukupe beti ya thelathini bure. Sawa?"

"Sawa. Na matapeli wote ndivyo wanavyoanza."

"Ngoja basi! Nabeti kumi zangu kwamba farasi fulani atashinda. Papo hapo naingia kwenye lile soko la mtandaoni ambako watu wanabeti wenyewe kwa wenyewe, nabeti kwamba farasi huyohuyo hatashinda. Akishinda, kampuni inanilipa, soko linanila. Akishindwa, kampuni inanila, soko linanilipa. Napoteza senti hamsini tu."

"Umejisumbua kupoteza senti hamsini?"

"Si nafungua mlango wa ile ya bure! Ile thelathini naicheza vilevile, pande zote mbili, na safari hii dau la kampuni si pesa yangu. Ashinde asishinde, natoka na ishirini na mbili, ishirini na tatu."

"Na huyo farasi?"

"Farasi simjui na sitaki kumjua. Hata awe na miguu mitatu."

Nilitafuta pa kumshika nikakosa. Ni halali, serikali haitozi kodi, na kampuni za kubeti nchi hii ni nyingi kuliko maduka ya mkate, kila moja na ofa yake ya kuvutia wateja. Nikamwambia tu kwamba kitu kinachohitaji simu mbili hakiwezi kuwa kitu kizuri. Akacheka mpaka akakohoa.

Shida ilikuwa mumewe. Royston Sugden ni mpole, anaendesha mashine ya kupakia mizigo kwenye ghala, Jumamosi anahudumia njiwa wake. Lakini baba yake aliwamaliza kwa kubeti. Mzee yule alikuwa na kitabu cha benki cha siri alichokificha kwenye banda la njiwa, na siku kilipoonekana, mama yake Royston alikuwa hana hata godoro. Kwa hiyo Lorna alipomweleza, Royston akatoa sharti. Kila senti itakayokwenda kwa hao watu na kila itakayorudi ipite kwenye akaunti yao ya pamoja, ambako mishahara inaingia na yeye anaiona.

Yule binti wa Leeds alipinga. "Mama mdogo, kila mtu anafungua akaunti ya pembeni kwa kazi hii. Usichanganye na ya nyumbani."

"Mume wangu kashafichwa vya kutosha," Lorna alijibu. "Simfichi kitu mimi."

Nilimpenda kwa neno lile. Hata leo nampenda kwa neno lile.

Mwezi wa kwanza alipata mia nne na kumi, bila utani. Alinionyesha. Mshahara wetu wa jikoni ulikuwa mia saba, na tunasimama siku nzima. Basi akashika kasi. Simu ikawa haitoki mfuko wa aproni. Anakoroga mchuzi kwa kulia, anabonyeza kwa kushoto. Bei za farasi zinabadilika kila dakika, na ukichelewa kuweka upande wa pili faida imeliwa, kwa hiyo mtu wa kazi hii hawezi kukusikiliza sentensi nzima. Tulikwenda kumzika mpishi mwenzetu wa zamani, watu wamesimama wanaimba, nikamwona Lorna ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikasema moyoni, masikini, analia. Kumbe anabeti! Nilimfinya mpaka akaruka.

"Imebaki dakika mbili, Zu," akaninong'oneza, bila hata haya.

Machi ndiyo mashindano makubwa ya farasi ya Cheltenham, siku nne, na kampuni zinagombania wateja kwa ofa kama zimechanganyikiwa. Mbio za kwanza zinaanza saa saba na nusu mchana. Sisi saa hiyo bado tuna watoto wa zamu ya pili wanasubiri kastadi. Lorna akaweka mia na hamsini kwa kampuni, akawa anataka kuweka upande wa pili, ndipo mpishi mkuu wetu, Bi Hinchliffe, akaingia.

"Lorna! Hiyo ni simu?"

"Nakwenda kuchukua njegere, Bi Hinchliffe!"

Akakimbilia chumba cha barafu akajifungia. Sasa chumba kile kuta zake ni chuma tupu. Simu haishiki mtandao mle hata ukipanda juu ya masanduku ya samaki, na alipanda, kwa maana nilipofungua mlango nilimkuta juu, mkono ameunyoosha kwenye dari, midomo imekuwa ya buluu. Mbio zilikuwa zimekwisha. Farasi alimaliza wa nne. Mia na hamsini zikaenda hivyo, na akatoka na mfuko wa njegere ambazo hakuna aliyezihitaji siku ile.

Jioni alimwambia Royston mwenyewe. Royston aliosha vyombo vyote, akavipanga, akasema, "Ulisahau au ulitaka?"

"Mtandao, Roy. Mtandao tu."

"Basi ni mtandao," akasema. Nilikuwepo, nimeenda kurudisha sufuria yao.

Alizirudisha zile hela kwa wiki moja. Lakini kampuni nazo si wajinga. Zikimwona mteja anayekula ofa tu na hapotezi, zinamminya: unaingia kubeti, wanakwambia dau lako la juu ni senti thelathini na nne. Kufika Desemba nusu ya akaunti zake zilikuwa zimeminywa. Wenzake wa kazi hiyo wakifika hapo huazima majina ya ndugu, ya bibi, ya yeyote mwenye pasipoti. Akanijia mimi.

"Jina tu, Zu. Nakupa hamsini kila mwezi."

"Jina langu nililihangaikia miaka sita kwenye ofisi za uhamiaji. Siwezi kulikodisha kwa farasi."

Alinuna wiki nzima. Tulikuwa tunapitishiana chumvi kama watu wasiojuana. Mwishowe alikuja mwenyewe na keki ya tangawizi, akasema sawa, ataendelea na alichonacho, na kweli aliendelea, ofa ndogondogo, pauni tatu hapa, tano pale, usingizi hana, kucha amezila zote. Mei ikaingia na hesabu ikasoma elfu tisa na mia tano. Jamani, nililia mimi! Mwanamke wa jikoni, kwa akili zake, hajamdhulumu mtu. Alinunua hata rangi ya mlango wa mbele, nyekundu, akaiweka chini ya ngazi ikisubiri.

Siku ya benki Royston alikuwa zamu, nikaenda mimi kumsindikiza. Afisa wa mikopo alikuwa msichana mdogo, Bi Oldroyd, mpole, meno yamefungwa vyuma. Akachapisha karatasi za akaunti yao za miezi mitatu. Akaanza kusoma na kalamu ya njano mkononi. Akapiga mstari. Akapiga mwingine. Baada ya ukurasa wa kwanza akaacha kupiga, kwa maana ukurasa ungekuwa wa njano mtupu.

"Bi Sugden, haya malipo yote ni ya kampuni za kubeti?"

"Ndiyo, lakini mimi sibahatishi. Naweka pande zote mbili. Nimekuletea daftari."

Akalisoma daftari, Mungu ambariki, ukurasa kwa ukurasa. Akalifunga polepole.

"Nimekuelewa. Na nakuamini. Lakini haya yanasomwa na watu wa makao makuu, na wao wanaona malipo mia mbili na kumi na sita kwa kampuni za kubeti, kutoka akaunti inayoingia mshahara wa familia. Hawatasoma daftari."

"Si yamerudi na faida! Angalia yaliyoingia!"

"Nayaona. Kama yangekuwa yanapita akaunti nyingine, hapa pangekuwa safi. Rudi baada ya miezi sita bila kubeti."

"Nyumba inauzwa wiki tano kutoka leo, mwanangu."

Msichana akasema anasikitika. Nadhani alisikitika kweli. Nje Lorna alitembea mbele yangu kwa kasi mpaka kituo cha treni, akarudi, akaenda tena. Nilitaka kumshika nikashindwa kumfikia.

"Usimwambie Roy kuhusu akaunti," akasema. "Mwambie wamekataa tu."

Lakini Royston si mjinga, na barua ya benki ilitaja akaunti ile ya pamoja. Aliisoma amesimama mlangoni na viatu vya kazi. Kuanzia siku hiyo akawa anakwepa kumtazama mkewe usoni, kama kijana aliyevunja kitu cha watu.

Dalali mmoja wa Doncaster akawapatia mkopeshaji mwingine asiyejali kubeti, ila huyo anataka utangulize robo ya bei. Elfu ishirini na moja. Mwana wa Pickersgill akapigiwa simu Hispania, akaombwa muda. Akasema pole, kuna mtu wa Sheffield anasubiri na pesa taslimu.

Jumamosi ya kwanza ya Juni niliwapelekea sambusa. Royston alikuwa nyuma kwa njiwa. Lorna alikuwa sebuleni mbele ya televisheni, koti hajavua, mkononi kikaratasi cha duka la kubeti la pale barabara kuu. La dukani, si la simu. Nikakisoma kwa juu ya bega lake. Pauni mia sita, farasi anaitwa Saddler's Plum, saba kwa moja, yaani akishinda kila pauni inaleta saba.

"Upande wa pili uko wapi?"

"Nitauweka."

"Simu yako iko wapi, Lorna?"

"Jikoni."

"Nenda basi!"

"Zu, nyamaza. Wanaanza."

Ningeweza kumwita Royston. Dirisha lilikuwa wazi, neno moja tu lingetosha. Badala yake nilisimama pale na sahani ya sambusa, na farasi wale walipopinda kona ya mwisho nikamtafuta wa Lorna, yule ambaye mpandaji wake ana jezi ya zambarau. Alikuwa wa tano. Akawa wa tatu. Lorna akanishika mkono akaniumiza. Alipovuka mstari akiwa wa kwanza tulipiga kelele wote wawili, Mungu anisamehe, sambusa zikamwagika chini.

Wewe usishangilie. Kufika tarehe ishirini na nane ya mwezi ule hawakuwa na nyumba wala zile elfu tisa. Laiti farasi yule angevunjika mguu! Wangelia, wangehama, wangekuwa na akiba yao leo. Lakini alishinda, na Royston akaingia mbio kwa zile kelele, manyoya ya njiwa mabegani.

"Kuna nini? Nani kaumia?"

Lorna akampa karatasi. Anacheka, machozi yanamtoka. Royston akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma. Akatazama meza, akatafuta simu, hakuiona. Akaelewa. Nilimwona anaelewa, na nikasubiri angurume. Nilitaka angurume, hata anifukuze na mimi.

Akaketi kwenye sofa taratibu, karibu sana na mkewe, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu barua ile.

"Imebaki ngapi kufika ishirini na moja?"

"Elfu saba na mia tatu."

Royston akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mbio nyingine zinaanza saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi," Lorna akajibu, bila kutazama popote.