Mchezo wa Nyimbo Uliokosa Sehemu ya Tatu

Enzi zetu, sisi tuliokulia kati ya karakana za reli na mchanga wa ziwa, mwezi mpevu haukuwa wa wapenzi. Ulikuwa wa wavuvi. Ndagala huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikishatandaa juu ya maji, taa haimdanganyi samaki yeyote, na mitumbwi hubaki imepinduliwa ufukoni kama watu waliolala kifudifudi. Siku hizo chache kila nyumba ya Kalemie ilikuwa na baba yake. Ndiyo maana mchezo wetu wa nyimbo ulichezwa siku hizo tu. Ulianza alasiri, jua likiwa bado juu ya vilima, na ulimalizika mwezi unapochomoza upande wa Kigoma, mwekundu na mzito, kana kwamba nao umealikwa.

Wa rika langu wanaujua mchezo ninaousema. Vijana hawaujui, lakini hilo haliwazuii kuusimulia. Katika simu ya mjukuu wangu nilisikia mtu akieleza kwamba mchezo ule ulipigwa marufuku kwa sababu bibi harusi alipandwa na pepo wa ziwa mbele ya watu. Nikamwuliza mjukuu: "Huyu anayesema alikuwapo?" Akanijibu: "Babu, iko mu grupe." Mtu akikuambia kwamba jambo liko katika grupe, amekwisha kukuambia kwamba halijui. Mimi nitaandika niliyoyaona, na pale ambapo sikuona nitamtaja aliyenieleza.

Mchezo wenyewe ulitungwa Ulaya mwanzoni mwa karne iliyopita, katika miaka ambayo Wazungu walipenda hadithi za maafisa wenye masharubu na mabinti wa wenye vinu vya kusagia ngano, na kati yao nyimbo nyingi kupita kiasi. Wazungu wa reli waliuigiza katika klabu yao, mji ulipokuwa bado unaitwa Albertville. Mwalimu Donatien, aliyekuwa akipiga harmoni kanisani kwetu, aliitwa siku hiyo kupanga viti. Alipokwisha kuvipanga alisimama nje, dirishani, akazishika kichwani nyimbo zote za sehemu ya kwanza na ya pili. Sehemu ya tatu ilipoanza, mvua ilitokea ziwani na madirisha yakafungwa. Haya niliyapokea kwa Mwalimu mwenyewe, na mke wake, aliyekuwa akimngoja barazani, aliyathibitisha. Wapo wanaopenda kusema kwamba madirisha yalifungwa ili asisikie. Mwalimu hakuwahi kusema hivyo. Alisema ilikuwa mvua.

Hivyo Kalemie ikarithi mchezo usio na mwisho. Mwalimu aliutia maneno ya Kiswahili: mwenye kinu akawa mwenye mtumbwi, afisa akawa mshika-breki wa treni ya Kabalo, masharubu yakabaki. Alipofika mahali ambapo dirisha lilifungwa, aliwauliza wazee afanye nini. Wazee wakamwambia kwamba kijana na binti wamekwisha kuimba vya kutosha, sasa waitwe wajomba, yaletwe mahari. Ikawa hiyo ndiyo sehemu ya tatu. Wakati mimi napata akili, mchezo ulikuwa umekwisha kuchezwa miaka mingi hivyo, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli ulioko chini karibu na maji, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mwisho mwingine.

Nikifumba macho leo naliona pazia. Lilishonwa kwa magunia ya unga, na herufi za kiwanda zilionekana kwa nyuma taa zilipowashwa, zikiwa kinyumenyume, nasi watoto tulijifunza kuzisoma hivyo. Tuliketi mbele kabisa, juu ya mikeka, magoti yetu yakinuka mchanga na samaki, kila mmoja na karanga zake katika pindo la nguo. Ving'ora vya karakana vikilia, mafundi wa fanfari walikuja moja kwa moja kutoka kazini, mikono myeusi kwa grisi, wakaipangusa kwa suruali kabla ya kushika tarumbeta. Upepo wa ziwa uliingia kwa milango yote, na nyimbo zile za nchi ya theluji zilitoka nje zikiwa zimekolea harufu ya moshi na ndagala zilizoanikwa. Sijui kwao zilikuwa na harufu gani. Kwetu zilikuwa na hiyo, na hadi leo siwezi kuzitenganisha.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, bibi harusi alikuwa dada yangu Anjelina. Alikuwa amemaliza darasa la mwisho kwa masista wetu, na mahali pake palikuwa tayari katika shule ya walimu huko Kongolo. Sanduku lake la bati lilikuwa limekwisha kupakwa rangi. Sharti la masista wa Kongolo lilikuwa moja, na kila mzazi alilijua: binti aliyechumbiwa hapokewi. Mshika-breki aliigizwa na Fideli, kijana aliyekuwa karani wa posta, mwenye sauti nzuri na viatu vilivyong'arishwa hata soli. Wazazi wake walitoka Kiambi na walikuwa watu wa heshima, yaani watu ambao neno likisemwa mbele yao hawalisahau.

Kosa lilitokana na umakini. Mwalimu Donatien hakupenda mambo ya kubuni. Alitaka sehemu ya mahari ionekane kama nyumbani. Aliwaomba kina Fideli walete mbuzi wao, nao walileta mbuzi wa kweli. Mjomba wa bibi harusi katika mchezo aliigizwa na mjomba wake kweli, Mjomba Petro, mvuvi, ndugu ya Mama. Mwalimu alimwekea kikombe cha maji. Mjomba akayamwaga nje ya mlango.

"Muntu muzima hanywe maji mbele ya mahari," alisema. "Watu watanicheka mupaka Moba."

Akajaza kibuku, pombe yetu ya mahindi, kutoka katika chungu chake mwenyewe. Anjelina, amefungwa kitenge cha bibi harusi, alikuwa akiimba wimbo wa kuagana na mama, Fideli ameshika kamba ya mbuzi, na Mjomba Petro, mbele ya mji mzima, akanyanyua kikombe akakinywa chote. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Asubuhi yake, Mama alipokuwa akikoroga uji, walifika kina mama wa upande wa Fideli na kapu la unga, wakipiga vigelegele tangu barabarani. Mama wa Fideli ndiye aliyetangulia.

"Mama Anjelina, sisi njo hawa. Tumekuya kuona muke wetu."

"Muke gani?"

"Ule wenye mulitufungia kitenge jana."

Papa, baba yetu, alitoka ndani na sabuni bado usoni. Alikuwa Mluba wa Ankoro, fundi wa mabehewa, mtu wa maneno machache. "Mama, ile ilikuwa teatre," alisema.

"Na mbuzi? Mbuzi naye alikuwa teatre?"

Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya jiko letu, akila majani ya viazi vya Mama. Hakuna aliyekuwa amemrudisha.

"Na mujomba alikunywa ao hakukunywa?" aliendelea Mama wa Fideli.

"Alikunywa," alisema Papa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Basi pombe iko mu tumbo. Haitoke tena."

Msomaji wa leo atacheka, nasi tulicheka, hadi tulipoona kwamba wakubwa hawacheki. Kwa desturi ya upande wa Mama, watu wa ziwani, ni mjomba anayemtoa binti wa dada yake, na anamtoa kwa kikombe. Papa angeweza kusema mpaka jioni kwamba kwao Ankoro mtoto ni wa baba. Mke wake hakutoka Ankoro. Padri alisema jambo hilo si ndoa, na kwa sheria ya Kanisa alikuwa na haki, lakini hakusema kwamba si uchumba, na masista wa Kongolo waliuliza juu ya uchumba. Habari ingefika huko pamoja na treni. Dada yangu alilifunika sanduku kwa kanga, akaendelea kuteka maji kama kawaida. Hakuna aliyemsikia akilia. Wanaosimulia kwamba alitaka kujitupa ziwani hawakulala chumba kimoja naye, mimi nililala.

Aliyefungua fundo alikuwa Bibi, mama yake Mama, ambaye hakuhudhuria mchezo hata mara moja kwa sababu, alisema, watu wanaoimba wanapotaka kusema huficha jambo. Alimwita Mjomba Petro, akamketisha mbele yetu sote.

"Petro, ulimuuliza mutoto?"

"Mama?"

"Kabla ya kunywa. Ulimuuliza, ninywe ao nisinywe?"

Mjomba alitazama miguu yake. "Alikuwa anaimba, Mama. Ningemuuliza namna gani?"

"Basi hukukunywa mahari. Ulikunywa kiu yako."

Ndivyo desturi ilivyokuwa, na kila mtu mzima aliijua, ila nyimbo zilikuwa zimeisahaulisha: mjomba hanywi kabla binti hajajibu kwa kinywa chake. Baba wa Fideli alipelekewa habari. Alisema ni kweli. Lakini mji mzima umemwona Petro akinywa, kwa hiyo mji mzima umwone akiuliza. Na binti akisema "kunywa", habari ya Kongolo iishe hapo. Papa alikubali. Wakapeana mikono. Ikabidi kungoja mwezi urudi, maana bila wavuvi hakuna mji.

Sijawahi kuuona ukumbi ukijaa vile. Watu walisimama mpaka majini. Sehemu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na hakuna aliyesikiliza. Katika mwezi ule wa kungoja, Anjelina alikuwa ameshauriwa na kila shangazi na kila jirani. Fideli ana kazi ya serikali. Fideli hanywi lutuku. Minerval, ile karo ya Kongolo, itamchosha baba yako. Hata Mama, niliyemsikia kwa masikio yangu, alimwambia wakichambua samaki kwamba viatu kama vile si kila mwanamume anavyo. Hakuna aliyejua atajibu nini, na sidhani kama Mjomba Petro alitamani kujua. Alisimama na kikombe, akamgeukia binti.

"Anjelina, mutoto wa dada yangu. Ninywe?"

Fanfari ilinyamaza. Watoto tuliacha kutafuna. Nakumbuka nikisikia mawimbi madogo yakigusa ngazi za ukumbi, na mbuzi akipumua, na ile taa ya gesi ikivuma peke yake kama nyuki aliyepotea. Sijui ukimya ule ulidumu kiasi gani. Katika usingizi bado naingia humo mara kwa mara, na hauna mwisho.

"Usinywe, Mjomba," alisema dada yangu. Hakuimba. Alisema tu, kwa sauti ya kumwambia mtu kwamba mlango uko wazi.

Mjomba akakiweka kikombe chini. Sasa alibaki Fideli, kwa kuwa mahari haijarudi mpaka aliyeileta aishike tena kamba. Wapo wanaoapa kwamba alilia. Niliketi hatua chache kutoka miguuni pake: uso wake ulikuwa umelowa, lakini joto la taa lilikuwa kali, na sitaandika machozi mahali ambapo huenda palikuwa na jasho. Nililoliona ni hili, kwamba aliinama, akaishika kamba, akamwinamia Mjomba kwa heshima, kisha akamwinamia Anjelina pia, jambo ambalo hakufundishwa na Mwalimu. Mpiga tarumbeta, kwa kukosa maagizo, akapiga wimbo wa treni wa sehemu ya kwanza. Watu wakainuka wakacheza, na baba wa Fideli naye akacheza.

Anjelina alipanda treni ya Kongolo kabla ya mvua za kwanza. Alifundisha huko hadi nywele zikawa nyeupe, na kina mama wengi wa Kongolo wanaojua kusoma walijifunzia kwake.

Tangu siku ile sehemu ya tatu haikuandikwa tena. Kila binti aliyecheza bibi harusi aliulizwa kweli, akajibu alivyotaka. Binti wa mpiga ngoma alisema "kunywa" kabla mjomba hajamaliza swali, nami nilikula wali wa harusi yao. Mwingine alisema atafikiri, na pazia likafungwa hivyo hivyo. Baadaye ikaja miaka ya vurugu ambayo watu hawakukusanyika kuimba, kisha tukaucheza tena kidogo, kisha Mwalimu akatutoka. Miaka hii ziwa limepanda, limeingia ukumbini, na watoto huvua kwa ndoano mahali lilipokuwa jukwaa. Hakuna pepo wala marufuku.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinionyesha katika simu posa ya rafiki yake. Mambo yalikuwa makubwa: maua ya plastiki, suti za rangi moja, vikuza sauti vyenye urefu wa mtu, na msema-chochote mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Nilifurahi kuona kwamba mjomba bado ana kikombe. Binti akapewa kipaza sauti, midomo yake ikatembea, muziki ukapasuka, watu wakapiga kelele, mjomba akanywa.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Babu, amekubali. Si unaona wanacheza?"

Nilimwomba arudishe nyuma. Akarudisha, akapandisha sauti, akanisogezea simu sikioni kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa. Ilikuwa ngoma tu. Vijana wetu wana vyombo vya kubeba sauti kutoka Kalemie hadi Ulaya, na sina ubishi na vyombo. Lakini nyumba ile ilikuwa imejaa watu, na hakuna aliyenyamaza ili asikie. Mjukuu anasema binti yule alikubali. Huenda. Mimi sikusikia, na sitaandika.