Rafu ya Gemu na Mkono wa Babu Mwinshehe

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nachoka upya. Siku hiyo babu yangu mzaa baba, Mzee Mwinshehe, alitoka Msimbu kule Kisarawe akaja kunisalimia nyumbani kwangu Pangani, hapa Kibaha. Nilikuwa kijana, fundi redio pale Maili Moja, nimeoa mwaka huohuo, na maradhi yangu yalikuwa gemu. Usicheke. Mnadhani gemu zimezaliwa pamoja na nyinyi.

Enzi zile gemu zilikuja kwenye CD, kila moja na kasha lake lililofungwa nailoni. Kila Jumamosi nikifunga kibanda napitia dukani, nachukua moja, wakati mwingine mbili. Za mpira, za magari, za vita. Nilikuwa nacheza ileile moja niliyoizoea, nyingine naziweka rafuni na nailoni yake, nasubiri nipate nafasi. Nafasi haikuja, Jumamosi ilikuja. Ukweli ni kwamba utamu wangu wote ulikuwa unaishia njiani, kabla sijafika nyumbani.

Babu alimsalimia mke wangu kwa utani wake wa siku zote, "Mke wangu, huyu mwizi aliyekuiba kwangu anakulisha?" Tukacheka. Kisha akaiona rafu, akaitazama kwa muda.

"Mjukuu wangu, umefungua duka?"

"Hapana babu, ni za kucheza."

"Mbona hata hazijafunguliwa?"

"Nitazicheza tu. Akiba haiozi, babu."

Akatabasamu, maana methali ile alinifundisha mwenyewe. "Hata muhogo ni akiba," akasema. "Lakini uusahau ardhini miaka, uone. Utakwenda kuchimba kuni."

Angeishia hapo, ningekuwa nimeshasahau. Lakini alinyoosha mkono wake wa kulia akatoa kasha moja la gemu ya mpira, kwa kuwa lilikuwa na picha ya mchezaji anakimbia pembeni ya uwanja, naye ujanani alikuwa winga wa timu ya kijiji. Wazee wenzake walikuwa hawaishi kumsimulia.

"Nifundishe hii," akasema. "Nione kama krosi zangu bado zipo."

Mzee mzima, mwanangu, ananiomba nicheze naye. Nami nikamjibu nini? "Hiyo imeshapitwa, babu. Kesho inaingia mpya, ndiyo kali. Ukija tena tutacheza hiyo."

"Haya, baba," akasema. Akalirudisha kasha palepale lilipokuwa, akalinyoosha lilingane na mengine. Tukala, tukaswali, alasiri akaondoka.

Kesho yake nikainunua ile mpya. Sikuifungua.

Kabla mikorosho haijachanua mwaka ule, ikaja habari kwamba babu amepooza upande wa kulia. Tukamleta kwangu ili awe karibu na hospitali. Ule mkono uliotoa kasha rafuni sasa ulikuwa umelala pajani, mpaka mke wangu auinue ndipo amvalishe shati. Nilitoka uani nikalia, na sioni haya kukwambia. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Siku moja asubuhi nikamkuta anaitazama rafu. Nikalitoa kasha lilelile, nikachana nailoni, nikawasha. Tabu ikawa moja: pedi ya gemu inataka mikono miwili, naye amebaki na mmoja. Basi nikakaa naye mkekani, pedi nikaishika mimi, nikawa namkimbiza mchezaji, na kile kitufe cha kupigia mpira nikamwekea chini ya kidole gumba chake cha kushoto. Nikisema "Sasa, babu!" anabonyeza. Anachelewa. Tukafungwa, tukafungwa tena. Hatimaye mpira mmoja ukaingia, babu akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Kisha kwa ulimi mzito akaniuliza, "Kumbe ni hii tu?"

"Ni hii tu, babu."

"Si tungeicheza siku ile."

Nikakirudisha kidole chake kwenye kitufe, tukaanza upya.

Sasa nakutazama wewe, simu mkononi, bei ikishuka tu umeshabonyeza. Gemu zenu hazina hata makasha. Zimejazana humo ndani, mgeni akija hana hata la kunyooshea mkono. Nimechoka kusema, lakini nisipokwambia mimi atakwambia nani?

Sikukatazi kununua, mwanangu. Nyani haoni kundule, nami rafu yangu unaijua. Ila kabla hujachukua mpya, fungua moja uliyonayo uicheze. Ikikuchosha, mpe mwenzio, wala usione umepoteza. Na mtu wako akikwambia "tucheze", cheza naye, hiyohiyo aliyoichagua, siku hiyohiyo. Gemu itakungoja miaka. Mikono ya watu haingoji.

Mola akupe riziki ya kununua na uzima wa kukitumia ulichonunua, na asikunyime mtu wa kukaa naye mkekani. Amina. Haya, ile pedi ya pili iko wapi? Niletee, tucheze leoleo. Jicho langu la kushoto limeanza kuingia ukungu.