Kikombe cha Pembe na Gundi ya Maziwa

Pembe ya ng'ombe ikiguswa na moto hunuka kama nywele zilizoungua, na hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu. Watoto wenzangu wa Makambako walitoka makwao wakinuka moshi wa kuni au sabuni ya mche; mimi nilinuka pembe. Nilikwenda nayo shuleni, nikaenda nayo kanisani, na mwalimu wetu wa shule ya Jumapili kila mara alinikalisha karibu na dirisha bila kusema kwa nini. Baba yangu alikuwa fundi wa vyombo vya pembe. Alizichukua machinjioni, akazichemsha mpaka mfupa wa ndani ukaachia, akazikata kwa msumeno, akazikwangua kwa kipande cha chupa, kisha akazisugua kwa msasa na kuzimalizia kwa majivu hadi zikang'aa. Vijiko na pawa havikumsumbua, kwa kuwa ni kipande kimoja tu. Kazi ilikuwa kwenye vikombe. Pembe ukishaikata ncha inabaki bomba, na bomba halishiki uji. Ni lazima uichongee kitako cha mti, na kitako hicho lazima kishikwe na gundi.

Gundi ya Baba ilitokana na maziwa. Aliengua malai yote, akayaacha maziwa yagande karibu na meko, akayachuja kwa kitambaa na kuyaosha yale mabonge kwa maji matatu ya uvuguvugu. Kisha aliyakamua mpaka yakawa makavu kama unga uliolowa kidogo, akayachanganya na chokaa, akisonga kwa kijiti mpaka yawe mazito na yenye kuvutika. Ilibidi uitumie palepale, maana ikishakaza hairudi tena. Sitaki kuisifia kupita kiasi. Ilikuwa na ubaya wake: kikombe ukikiacha ndani ya maji usiku kucha, asubuhi unakuta kitako kinaelea peke yake. Pia ilikuwa nzito kukauka, na baridi ya kwetu ya mwezi wa saba, ukungu haujapanda hadi saa nne, iliifanya ichukue siku sita juu ya dari la jikoni. Lakini Baba hakutaka nyingine. Alikuwa akisema kwamba gundi isiyolika isiguse kinacholiwa, na maneno hayo aliyasema mara nyingi hadi Mama akawa anayamalizia kwa niaba yake.

Tena alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kikombe hakikukabidhiwa mpaka aliyekigundisha akinywee kwanza uji wa moto mbele ya mteja, mpaka tone la mwisho. Wateja wengine walicheka, wengine walidhani ni ushirikina. Baba hakubishana nao. Alikunywa, akakigeuza kikombe juu chini wakione kikavu, ndipo akakitoa kwa mikono miwili.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, wakati wa likizo, Mama alikuwa kwao Mdandu akimuuguza mama yake, nasi tukabaki wawili. Ng'ambo ya reli aliishi Bibi Twilumba, mjane mwenye maneno machache na macho makali, ambaye binti yake alikuwa amemwachia mjukuu wa miezi sita aliyeitwa Faraja. Aliagiza kikombe kidogo cha kumwanzishia huyo mtoto uji. Baba akanitazama, akasema, "Hiki utakimaliza wewe, mama." Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Nilivimba kichwa siku nzima. Pembe aliikata yeye, kitako alichonga yeye, ila kuosha mabonge, kusonga gundi na kugundisha akaniachia mimi, akaenda zake machinjioni.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo. Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na jikoni kulikuwa na sufuria ya viazi mviringo vilivyochemshwa na maganda yake, bado vinatoa moshi. Mtu yeyote wa nyanda zetu atakuambia kiazi cha moto kinadai nini. Bakuli la maziwa ya mgando lilikuwa palepale, halijachujwa. Nikachovya kiazi kimoja, nikajiambia hakitapunguza kitu. Nikachovya cha pili. Nilipokuja kushtuka, nilikuwa nafuta bakuli kwa kidole, na gundi ya mjukuu wa Bibi Twilumba ilikuwa tumboni mwangu.

Ningesubiri na kusema ukweli, labda ningechapwa mara moja yakaisha. Badala yake nilikimbia kwa jirani yetu fundi viatu, nikamwambia ndala yangu imeachia. Akanimiminia gundi yake ya njano kwenye kifuniko, ile inayonuka kama petroli, bila kuniuliza zaidi. Nikapaka, nikabana, ikashika saa ileile kwa namna iliyonifurahisha. Kwa kuwa gundi ya Baba hukauka ikiwa nyeupe, nilipitisha chokaa kwenye ule mstari wa njano hadi ukafichika. Kisha nikakiweka kikombe juu ya dari na kukiacha siku sita kamili, kama vile nilifanya kazi ya haki. Baba alipokishusha alikigeuzageuza, akakipapasa kwa kidole gumba, akasema ni safi. Alikuwa na mafua wiki ile, hakusikia harufu yoyote.

Tulivuka reli alasiri kwenda kukikabidhi. Bibi Twilumba alitupokea mlangoni, Faraja akiwa mgongoni kwake.

"Kamwene," Baba akamsalimu.

"Kamwene, baba. Karibuni ndani, uji upo motoni."

Nilikuwa nimesahau desturi, au nilijisahaulisha. Nilidhani Baba ndiye atakayekunywa, na hata hilo lilinitisha. Lakini yeye alinishika bega akanisogeza mbele. "Fundi wa hiki ni huyu," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hata leo nikiikumbuka naumia. "Atakunywa yeye." Bibi akajaza uji wa ulezi wa moto, akanipa. Joto lilipofika kwenye kitako, harufu ikapanda moja kwa moja puani. Ningeweza kukiweka chini. Nilikunywa. Nilikunywa mpaka tone la mwisho, nikakigeuza juu chini kama nilivyomwona Baba akifanya, na kwa kufanya hivyo nikawa nimeapa uongo mbele ya watu wawili na mtoto mchanga. Bibi Twilumba alikipokea, akakiinua karibu na uso wake, akanitazama kidogo. Akasema mtoto ataanza nacho kesho asubuhi. Akatukabidhi jogoo tuliyekubaliana kuwa malipo, tukaaga.

Tulipofika relini tulikuta treni ya mizigo inapita, ile ndefu isiyo na haraka. Tukasimama kungoja, Baba na jogoo wake kwapani, mimi na tumbo lililojaa uji na uongo. Nilikuwa nikiwaza mdomo wa Faraja, ambao haukuwa na jino hata moja. Kelele za mabehewa zilikuwa kubwa kiasi kwamba nilipata ujasiri wa kijinga, nikasema yote kwa sauti: viazi, maziwa, ndala, chokaa. Nadhani nilitaka Mungu asikie na Baba asisikie. Behewa la mwisho likapita, pakawa kimya.

"Ulikuwa unasemaje, mama?"

Ikabidi niseme tena. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilisikia kila neno langu. Baba hakunichapa. Hakupandisha sauti. Alihamisha jogoo kwapa la pili, akageuka, akaanza kurudi tulikotoka, nami nikimkimbilia nyuma. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi, ila ile kwangu ilikuwa ndefu kuliko njia zote nilizowahi kutembea. Bibi alipofungua mlango, Baba alimrudishia jogoo na kusema, "Mama, nisamehe. Kikombe hiki nimekikosea. Naomba nikichukue, nitakuletea kingine." Nimekikosea, alisema. Hakunitaja. Bibi aliingia ndani, akakileta, asiulize lolote. Nyumbani Baba alikipasua kwa nyundo, na kesho yake akaniamsha mapema nikaoshe mabonge kwa maji matatu, yeye akiwa amekaa kando ananitazama. Kikombe cha pili nilikinywea baada ya siku sita, na hakikunuka kitu.

Baba hayupo tena. Mimi nina duka dogo Njombe mjini, nauza vijiko, pawa, vikombe na mabakuli, na wanunuzi wengi ni wageni na watu wa hoteli. Gundi ya maziwa nimeiacha. Naagiza ya chupa mbili za kuchanganya, yenye karatasi inayosema inafaa kwa vyombo vya chakula ikishakauka kabisa kwa siku saba. Kwa baridi ya Njombe mimi naipa siku kumi na nne. Ni gundi nzuri, sitadanganya. Kikombe unakiloweka usiku kucha na kitako hakitikisiki, jambo ambalo Baba angelipenda sana. Tatizo ni kwamba siku hizi karatasi ndiyo inayokula kiapo. Mtu wa hoteli aliwahi kuniuliza kwa nini nanywa uji katika bidhaa yake ilhali imeandikwa ni salama, nikamjibu ni mazoea tu.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, aliingia dukani dada mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alitaka kikombe kidogo cha kumwanzishia uji. Nilipomwonyesha kilichokuwa tayari alikataa kukigusa. "Unywe kwanza," alisema. "Bibi yangu ng'ambo ya reli kule Makambako alinikataza kupokea kikombe kwenu kabla hamjakinywea." Nikajua ni Faraja. Nikamtania kwamba uji wake nilishaunywa zamani, yeye akiwa bado mgongoni, akacheka, akasema bibi alimsimulia yote. Bibi alikuwa ameisikia ile harufu tangu nilipokuwa nakunywa. Tulipoondoka alikiweka kikombe juu ya kabati, akawasha taa mapema, akakaa karibu na mlango.

"Alikuwa anasubiri nini?" nikamuuliza.

"Alikuwa anasubiri kama mtarudi."

Niliwasha jiko, nikakoroga uji wa ulezi, nikaujaza kwenye kikombe cha mwanawe ukiwa bado unachemka. Faraja alivuta kiti akakaa, akanitazama nikinywa mpaka nilipokigeuza juu chini.