Namba Isiyo na Nane

Wiki iliyopita, nikiwa sokoni Majengo nachagua karanga, simu ilinipa habari kwamba jirani yangu wa Miyuji, mwalimu mstaafu wa hesabu, ametutoka. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua sipendi kumsifu mtu eti kwa kuwa hawezi tena kunibishia. Huyu nilimsifu akiwa hai, usoni pake, naye alipenda. Tulimpeleka kwao Kondoa, tukamzika alasiri.

Kila darasa jipya alilipokea kwa namba moja, milioni kumi na mbili na ushee, ambayo tarakimu zake hupanda kwa mpangilio ila zinairuka nane: 12345679. "Taja tarakimu unayoipenda," husema. Ukitaja saba, anaizidisha kwa tisa, inakuwa sitini na tatu, kisha anakuamuru uizidishe namba yake kwa hiyo sitini na tatu, kwa mkono, bila kikokotoo. Unatoka jasho, unalalamika, halafu zinajipanga saba tupu: 777777777. Mimi alinifanyia hivyo barazani kwake, mtu mzima na mvi zangu, nikacheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Baada ya dua alikuja kunisalimu mwanamke mmoja ambaye sasa anafundisha hesabu upande wa Makutupora. "Shikamoo," akasema, kisha akanisimulia. Akiwa kidato cha pili, mwalimu wetu alimpa kazi ya kuiandika namba ile ukutani, kwa kuwa kesho yake wageni wangekuja. Mkuu wa shule akapita. "Binti, nane umeisahau. Iongeze, wageni wasije wakasema hatujui hata kuhesabu." Akakataa. Kumkatalia mkuu ni kurudishwa nyumbani ukamlete mzazi, na baba yake alikuwa akitafuta sababu tu ya kumtoa masomoni. Akamgeukia mwalimu wake amwokoe. Mwalimu akampa chaki, akanyamaza.

Aliizidisha kwa tisa namba yenye nane. Zikatoka moja nyingi, na sifuri imejichomeka karibu na mwisho: 1111111101. Akaizidisha ile isiyo na nane: 111111111. Mkuu akatazama, akakohoa. "Basi iacheni hivyo. Na kesho wewe ndiye utakayewaeleza wageni."

Katika mji huu wa maofisi tunapenda mno kurekebisha. Tukiona pengo tunaliziba, na aliyeliacha makusudi tunamwona mzembe. Mwalimu yule aliwazoesha wanafunzi wake kupima kwanza, hata kama anayeagiza ni mkubwa, na ninajivunia kwamba nilikuwa jirani yake.

Nilimuuliza yule mwanamke kama hakumlaumu kwa kukaa kimya. "Angenitetea, ningeondoka pale namshukuru," alisema. "Alinyamaza, nikaondoka najua." Sisi wazazi na walimu tuna haraka ya kuwasemea watoto, tena kwa upendo. Mtoto aliye sahihi hahitaji wakili. Anahitaji mtu mzima wa kusimama karibu naye na kufunga mdomo.